Mama Asteria na Ukanda Usiojengwa

Mama Asteria Mshana anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na moja kwenye ofisi yetu ya ramani hapa Same. Mimi ni Loth, mshika kamba wake wa upimaji. Wasomi wapo wengi, lakini wasifu huu nilisema naandika mimi, na hakuna aliyebisha.

Kazi yake ilikuwa kulinganisha picha za setilaiti, za zamani na za sasa, aone mji ulivyokula mashamba. Palipokuwa mkonge pana bati. Palipokuwa malisho pana gereji. Yeye anapaka rangi kwenye kompyuta, mimi naenda kukanyaga ardhi kuhakikisha. Kompyuta ilikosea mara nyingi. Mimi hapana.

Siku moja akaniita: "Mzee Loth, hebu tazama hapa." Mji umejaa bati, lakini kuna ukanda mwembamba umebaki wazi. Unatoka stesheni, unapita nyuma ya soko, moja kwa moja hadi mlimani. Hakuna mchoro wa mipango miji uliouweka. Nyumba zote zimeupa mgongo.

Tukaenda kuuliza. Blandina wa mashine ya kusaga akasema, "Niliacha tu. Kwani wewe ungejenga?" Isihaka, aliyehamia juzi kutoka Singida na mambo ya Wapare hayajui, naye kaacha. "Moyo ulikataa, mzee wangu."

Mimi nilijua. Zamani, aliyefia huku tambarare alibebwa kwa machela kupitia hapo, akazikwe kwao milimani. Nimebeba sana, tena mbele, na sikuwahi kubadilishwa bega. Lakini tangu magari yaanze kupandisha maiti, hapo hapiti mtu. Nyasi zingekuwa zimeshaota.

Mwaka huu bosi wetu Anold alitaka ukanda ule ukatwe viwanja vya fremu za maduka. Vigingi nilishagongelea, ilibaki Mama asaini kwamba ni ardhi tupu. Yeye akaupaka rangi ya njia, akaandika: inatumika.

Anold akauliza, "Inatumika na nani, mama? Mbona hatuoni mtu?"

"Subiri picha ya masika."

Picha ikaja. Mji mzima kijani, hata uwanja wa mpira. Ukanda ule mweupe, umekanyagika kama uwanja wa nyumba yenye msiba. Tulipokwenda kuangalia, vigingi vya viwanja nilivyogongelea mwenyewe, na kigingi changu hakitikisiki, vilikuwa vimelala, vichwa vyote vikielekea mlimani. Viwanja havikutajwa tena.

Mama, ahsante kwa kazi na kwa moyo mgumu. Sasa nasikia umekataa gari la ofisi, unataka kupanda kwenu Vudee, kule milimani, kwa miguu, kwa njia hiyohiyo. Nakataa. Gari litakuja mlangoni, na mlango nitafunga mimi. Tunakutakia uzee mrefu, wenye migomba na wajukuu. Ile njia uliilinda mwenyewe, haihami, na zamu ya kila mmoja wetu itafika. Wewe usiiwahi.