Dengu za Singasinga

Ndani ya basi la Korogwe, mwaka ule wa kuhamia vijijini, Bi Mwanaidi, kwenye kiti cha mbele yangu, alimwambia mzee Salaash, Mmasai aliyekaa naye, kwamba anakwenda kumtoa binti yake kwenye kazi ya kushona kwa Singasinga. "Wale wenye vilemba watamlisha haramu, mzee."

"Nimekula kwao, kwenye nyumba yao ya ibada. Tulikaa chini wote, tajiri na mchunga ng'ombe, tukapewa dengu. Nyama, hata kipande hamna! Hilo ndilo kosa lao."

"Tajiri naye chini?"

"Chini, mama. Mwenyekiti wetu wa kijiji cha ujamaa hajafika huko."

Nilicheka, baada ya kuangalia kwanza nani amekaa nyuma yangu.

Basi liliposimama Korogwe, Bi Mwanaidi alishuka, kisha akarudi dirishani. "Hizo dengu," akauliza, "wanatia nazi?"