Mjane wa Spoku

Benchi lenyewe lilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mawe mawili, mbele ya banda la fundi baiskeli, na tundu la kitasa lilikuwa bado lipo. Ukikaa ovyo linakubana. Kila asubuhi walikaa watu walewale. Alikuwepo fundi mwenyewe, ambaye hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, wote walimwita Spoku. Alikuwepo Kamusi, karani mstaafu wa mahakama, mtu ambaye tangu astaafu hajapata kutamka neno "sijui". Alikuwepo Redio, kinyozi wa banda la jirani, anayenyoa kichwa upande mmoja, anatoka kuja kusikiliza mazungumzo, kisha anarudi kumalizia upande wa pili. Na alikuwepo Buli, muuza kahawa, ambaye huwa haketi. Anazunguka na vikombe vyake, akishiba maneno anakwenda kuyauza kijiwe kingine. Siku hiyo palikuwa na baiskeli ya mteja imeegeshwa ukutani inangoja breki, na Spoku hakuigusa. Angeigusaje? Alikuwa amekufa, na taarifa ya kifo chake alikuwa ameishika mkononi.

Taarifa yenyewe ilikuwa kwenye lebo ya karatasi ngumu, ukubwa wa kiganja, yenye uzi wa kufungia kwenye mpini wa kikapu, kutoka kwa mradi unaonunua vikapu vya akina mama na kuviuza ng'ambo. Mbele ilikuwa picha ya mkewe amekumbatia kikapu, amenuna kidogo, kama anavyonuna kila anapoambiwa atabasamu. Nyuma ilichorwa mikono miwili imeshikana, na chini yake mistari minne ya kizungu. Jana jioni mkewe aliiweka mezani, akasema, "Hebu kawasomeshe hao wenzako, uone walichoniandikia." Spoku alikuwa anaziba tundu kwenye mpira wa ndani. Akajibu, "Mm." Asubuhi alipoamka, mke alikuwa ameshaondoka kwenda bondeni kukata ukindu, na lebo bado iko palepale. Akaitia mfukoni, akampelekea Kamusi. Kamusi alivaa miwani, akasoma mstari wa kwanza, akaivua.

— Spoku ndugu yangu, kaa kwanza.

— Nimekaa.

— Basi kaa vizuri. Hapa wameandika hivi: "Mama huyu ni mjane maskini wa kijijini."

Spoku alitafuna neno hilo kidogo, akaona halitafuniki.

— Mjane wa nani?

— Wako, nadhani. Kwani ana mume mwingine?

Redio alifika wakati huohuo, kitana kiko mkononi.

— Nani amekufa?

— Mimi, akasema Spoku.

— Pole sana. Lini?

— Nipe hiyo karatasi, Kamusi. Nipe. Na hii mikono imeshikana hapa, maana yake nini?

— Hiyo ni alama yao. Maana yake Biashara ya Haki.

— Haki? Spoku alisimama, akakaa, akasimama tena. — Mtu anakunywa kahawa yake kwa utulivu, hana ugomvi na yeyote, nyie mnamzika kwenye kikapu, halafu mnachora mikono? Hiyo sindano wanayoshonea hivyo vikapu, katengeneza nani? Marehemu?

Na hapo fundi alikuwa na haki ya kufoka. Akina mama wale husuka ukindu kuwa misuko mirefu kama mikanda, kisha huishona duara kwa duara mpaka inakuwa kikapu, na sindano ya dukani haiwezi kazi hiyo, inapinda siku ya kwanza. Spoku ndiye anayewatengenezea. Anachukua spoku kuukuu ya gurudumu, anaikata, anaipiga bapa upande mmoja, anaitoboa jicho, anainoa kwenye jiwe mpaka inapita kwenye ukindu kama inapita kwenye maji. Kikundi kina akina mama thelathini na wawili, na kila mmoja ana sindano yake. Jina lake lilitoka huko, si kwenye baiskeli.

— Mimi naona ni makosa ya kuchapa tu, akasema Buli, akimimina. — Walitaka kuandika kitu kingine, mkono ukateleza.

— Mkono ukateleza ukaua mtu?

— Buli, wewe mimina, akasema Kamusi. — Hili nimelishuhudia mahakamani kwa macho yangu. Hii ni mirathi. Mtu akishaandikwa marehemu kwenye karatasi yenye muhuri, kufufuka kwake ni kesi ya miaka saba. Unatakiwa ulete mashahidi wawili waliokuona hai, na cheti cha kifo kinachothibitisha kwamba hukufa.

— Cheti cha kifo nitakipata wapi na mimi sijafa?

— Hapo ndipo wengi wanakwama.

— Wahenga walisema, akaanza Redio.

— Waache wahenga wapumzike, akamkata Spoku. — Leo hata mimi niko upande wao.

Redio hakukasirika. Alisogea karibu, akashusha sauti, kama kawaida yake anapotaka kusikika mbali.

— Nyie hamjui biashara ya ng'ambo. Mimi nimemnyoa dereva wao, kaniambia yote. Kule kikapu cha mwanamke mwenye mume hakitoki. Mnunuzi hataki kikapu, anataka huruma, na mume anaharibu huruma. Kwa hiyo ofisini kwao wana daraja. Mjane yuko juu. Mjane mwenye mguu mbovu, juu zaidi. Spoku, shukuru Mungu wamekuua wewe, hawakumkata shemeji mguu.

— Alaa.

— Subiri, sijafika. Sasa kuna mzee mmoja huko, naye kafiwa na mke. Kanunua kikapu, kaiona hiyo picha. Mama kanuna vizuri, mzee kaguswa. Atakaa aiangalie tu? Anakuja, bwana. Dereva kasema kuna mgeni kwenye msafara wa leo.

— Na kisheria, akaongeza Kamusi, ambaye hakupenda kuachwa nyuma, — hana kosa. Anakuja kuposa mjane. Wewe ukisema neno, utaulizwa unasema kwa niaba ya nani. Tena nikushauri, hiyo baiskeli usiifunge breki. Breki iliyofungwa na marehemu haitambuliki. Mwenye baiskeli akigonga mtu, wote mko matatani.

Spoku aliwatazama mmoja mmoja. Alijua wanapiga porojo, porojo hizo alizianzisha yeye miaka na miaka kwenye benchi hilohilo, lakini leo zilimwingia. Miaka kumi na minane amelala na mwanamke yule chumba kimoja, wamelea watoto wanne, na leo mtu aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka, asiyejua hata kushika ukindu, anamfuta kwa nusu mstari ili kikapu kipendeze. Hasira ilimpanda mpaka masikioni.

— Lori lao linakuja saa ngapi?

— Saa saba mchana, akasema Buli. — Mke wangu naye yumo kwenye kikundi, ameniaga hivyo.

— Basi nitasimama mbele yake. Haliondoki na kikapu hata kimoja mpaka wanione, wanishike mkono, waandike kwa kalamu yao kwamba huyu mtu ni mzima.

— Spoku, kazi ya miezi mitatu ya akina mama wote ile. Ukilizuia lori na wanunuzi wakasusa?

— Wasuse. Heshima ya mwanamke wangu haifungwi na uzi kwenye mpini.

Maneno hayo yalimpendeza hata yeye mwenyewe. Alikuwa anajiandaa kuyarudia alipomwona karani wa kikundi anakuja, binti mmoja mwembamba mwenye haraka, vumbi hadi magotini, faili kwapani na mafungu ya lebo yamefungwa kwa mpira.

— Shikamooni.

— Marahaba, wakaitikia wote, hata Redio ambaye hakustahili.

— Fundi, nakutafuta.

— Unanitafuta mimi au mzimu wangu?

Binti hakucheka. Spoku akamwaga yote: mjane, mikono, haki, sindano, mzee wa ng'ambo, na lori. Binti alisikiliza amesimama, mpaka fundi akaishiwa pumzi.

— Hilo la mjane ni la ofisi ya mjini, akasema. — Waliandika habari moja wakawabandika wote. Picha tu ndiyo inabadilika. Akina mama wote thelathini na wawili ni wajane. Na mimi ni mjane, sijaolewa bado.

Buli alisimamisha kumimina.

— Na wangu?

— Na wako.

Buli akaketi. Benchi halikuwahi kumpokea tangu liwekwe, na alikaa palepale penye tundu la kitasa, wala hakushtuka.

— Sasa mke wangu amesemaje? akauliza Spoku.

— Nilipowasomea jana, yeye ndiye aliyesimama. Amesema lebo hii haifungwi kwenye kikapu chake, na wenzake wote wakamuunga mkono. Vikapu vimejaa stoo, havina lebo hata kimoja.

Spoku aliwageukia wenzake, kifua kimejaa.

— Mmemsikia mwanamke? Hakuvumilia kuambiwa mumewe amekufa.

Binti aliiangalia karatasi iliyokuwa mkononi mwa fundi, kisha akamwangalia fundi mwenyewe, na macho yake yalikuwa na huruma ambayo Spoku hakuipenda.

— Kwa hilo alicheka, fundi. Alisema, "Hilo mtamwambia mwenyewe." Mmesoma mstari wa pili?

Hakuna aliyekuwa ameusoma. Asubuhi nzima walikuwa kwenye wa kwanza tu. Kamusi aliitafuta miwani yake, lakini binti hakumngoja.

— Mstari wa pili unasema, "Hakuwa na ujuzi wowote mpaka mradi wetu ulipomfundisha kusuka." Hapo ndipo alipowaka. Sijawahi kumwona vile. Alisema, "Mimi nimefundishwa na bibi yangu, aliyemzaa mama yangu, nikiwa sijang'oa meno ya utoto. Hawa wenzangu nusu yao nimewafundisha mimi, na waliobaki wamefundishwa na mama zao. Hao watu walikuja na gari wakatukuta tunasuka. Wakanunua, sawa. Wakapiga picha, sawa. Lakini waliotufundisha wako chini ya ardhi na hawakuacha kitu kingine ila hiki kilichomo mikononi mwetu, halafu mtu wa ofisini anakuja kujiandikia kwamba ni chake?" Ndivyo alivyosema.

Redio alikitia kitana mfukoni.

— Nimewapigia simu asubuhi, akaendelea binti, — tumegombana mpaka salio likaisha. Wamekubali huo mstari tuufute kwa kalamu, na mahali pake kila mama aandike jina la aliyemfundisha, kama mkeo alivyotaka jana. Thelathini na moja nimeshayapata. Limebaki lake yeye. Yuko bondeni na simu kule haishiki. Lakini aliacha maagizo kwamba akichelewa nikuulize wewe. Amesema, "Mume wangu anamjua vizuri."

Akatoa kifuniko cha kalamu.

— Huyo bibi yake alikuwa anaitwa nani?

Spoku alifungua mdomo, jina halikutoka.

Alimjua. Nani aseme hakumjua? Alipokwenda kuposa, bibi yule alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, anashona kwa sindano ya mfupa iliyokatika ncha. Wakamuuliza yeye kama bibi anataka aletewe nini, khanga, sukari, blanketi. Akasema hataki khanga, kwani kijana si ndiye fundi baiskeli, basi amletee spoku moja iliyonyooka. Ile ndiyo sindano ya kwanza Spoku aliyoitengeneza maishani mwake, na bibi ndiye aliyemwelekeza pa kutoboa jicho. Mkeka wanaolalia mpaka leo ni kazi ya mkono wake. Hata msibani Spoku alishika jeneza. Aliikumbuka sauti yake, aliukumbuka mfupa ule uliokatika, aliikumbuka harufu ya ukindu mbichi mlangoni. Lakini yeye alimwita bibi, na watoto walimwita bibi, na mkewe aliposema jina, na alilisema mara nyingi, Spoku alikuwa anaziba mpira.

— Andika Bibi, akasema Buli kwa sauti ndogo.

— Thelathini na mmoja wana majina yao. Wa kwake aandikwe Bibi tu?

— Kamusi, akasema Spoku. — Wewe ulikuwepo kwenye harusi yangu. Ulitambulishwa kwake.

Kamusi alifuta miwani kwa ncha ya shati, kioo cha kwanza, kisha cha pili.

— Sijui, akasema.

Redio alikumbuka kwamba ana kichwa cha mtu nusu kule bandani, lakini hakuondoka. Buli alitikisa birika, likatoa sauti ya mashapo matupu.

— Sasa ni saa nne na nusu, akasema binti. — Lebo zikikosa kukamilika zinaondoka kama zilivyo, ndivyo tulivyokubaliana. Na huu mstari wa kwanza je, fundi? Kwa kuwa kalamu ninayo, niufute?

Wote walimtazama Spoku. Neno lile alikuwa amelipigia kelele tangu kahawa ya kwanza, na sasa lilikuwa limesogezwa mbele yake, limebaki kufutwa tu. Yeye alikuwa ameshaishika ile baiskeli ya mteja, anaigeuza kuelekea barabara ya bondeni.

— Usiufute bado, akasema. — Nikirudi na jina, ndipo uufute.

Akapanda, akaondoka na baiskeli isiyo na breki, na kule bondeni njia nzima ni mteremko.