Ngigi, Mpishi wa Meli Aliyelowesha Kitambaa cha Meza

Bwana asifiwe. Naitwa Wamaitha, dada mkubwa wa marehemu. Nimeombwa nisome kilichoandikwa na nisiongeze yangu. Nitajaribu, lakini mnanijua.

Erastus Ngigi Gichuru alizaliwa tarehe 9 Aprili 1971 huko Loitokitok, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Gichuru na marehemu Mama Wanjiku, wakulima wa vitunguu na nyanya. Alianza kutembea akiwa na miezi tisa, na jioni hiyo hiyo akapotea. Alipatikana kwa jirani, ng'ambo ya mfereji, anakula. Mama alisema huyu atamzeesha, na kweli alimzeesha.

Alisoma shule ya msingi palepale Loitokitok, kisha sekondari mjini Kajiado, akamaliza mwaka 1989. Walimu walilalamika kwamba haketi. Mwishowe mwalimu wa zamu alimtuma jikoni awasaidie wapishi, na malalamiko yakaisha. Mwaka 1991 alienda Mombasa kusomea upishi. Sisi tulidhani atarudi afungue hoteli hapa Kitengela, tulikokuwa tumehamia. Wapi! Mwaka 1995 akaajiriwa kwenye meli ya makontena.

Kazi ya mpishi wa meli si mchezo. Aliamka saa kumi alfajiri kukanda mkate, maana baharini hakuna duka la kona. Walioingia zamu walikula kwanza, waliotoka zamu wakafuata, na wa zamu ya usiku waliwekewa sahani zao zikiwa zimefunikwa. Wafilipino walitaka wali asubuhi, mchana na jioni. Waukraine walitaka viazi. Nahodha, Mhindi mmoja mpole, alilalamikia pilipili kila siku, kwamba haitoshi. Mboga za majani ziliisha mapema, kabeji zikafuata, na baada ya hapo ilikuwa vitunguu na maharagwe mpaka bandari nyingine. Jumapili ilikuwa lazima nyama. Bahari ikichafuka, sufuria zilibanwa kwa vyuma zisiruke jikoni, supu haikupikwa, na kitambaa cha meza kililoweshwa maji ili sahani zishike, zisiteleze. Yeye mwenyewe alikula wa mwisho, amesimama, ameegemea friji.

Tarehe 18 Agosti 2001 alimwoa Resian, binti ya Mzee Kisemei wa Kajiado. Lakini kabla ya hapo wazee wa akina Resian walikuja nyumbani kwake hapa Kitengela kuongea mambo ya ndoa, na Ngigi akasema atapika mwenyewe. Mzee Kisemei aliweka mkono mezani, akauinua, mkono wa koti unachuruzika.

"Kijana, ni nani amemwagia hii meza maji?"

"Ni mimi, mzee. Ndio sahani zisitembee."

"Zitembee ziende wapi? Hapa ni Kitengela!"

Tulicheka mpaka mazungumzo yakasimama. Resian pia alicheka, siku hiyo.

Baadaye hakucheka. Ngigi alikaa miezi tisa baharini na mitatu nyumbani, na hiyo mitatu yenyewe hakutulia. Kufika wiki ya pili alikuwa anatembea kutoka geti hadi jikoni na kurudi, akifungua friji, akiangalia mawingu. Kila mlo alilowesha kitambaa, kisha akala amesimama kando ya sinki. Watoto walienda shule mikono ya sweta imelowa. Siku moja Resian alimwambia, nikiwa hapo, "Baba Ciku, wewe umepita tu hapa. Siku utatandika kitambaa kikavu na ukae chini ule na sisi, hiyo siku ndio nitajua umerudi."

Akajibu, "Mwaka ujao, Mama Ciku." Jibu hilo alilirudia kwa miaka ishirini. Ngigi nilimpenda, lakini kwa hilo alinikasirisha sana.

Mwezi wa Novemba 2022 miguu ilianza kumvimba akiwa kazini, akarudishwa nyumbani. Ilikuwa figo. Mara mbili kwa wiki alilazwa kwenye kiti cha hospitali kwa saa nne, damu ikisafishwa na mashine. Mtu ambaye hajawahi kukaa! Aliwasumbua wauguzi akiwauliza wamekula nini na nani amekipika. Chumvi akakatazwa, naye akaichukulia kama tusi. Nyumbani bado alilowesha kitambaa, akisema akipona kuna meli inamngoja. Resian hakubishana naye. Kila mlo aliweka mkono mezani, akaupangusa kwa leso, akapakua chakula.

Jumapili tarehe 4 Mei 2025, Ngigi alitandika meza mwenyewe, polepole, akipumzika kila mara. Resian akaweka mkono. Kitambaa kilikuwa kikavu. Ngigi akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Umerudi?" Resian akamwuliza.

"Nimerudi, Mama Ciku. Sasa nipatie kuku."

Akala ameketi mpaka mwisho. Alifariki Jumatano tarehe 7 Mei, alfajiri, saa zake zile za kukanda mkate. Kwa hivyo Resian alipata mume nyumbani siku tatu. Nimelia kwa uchungu na pia kwa hasira, na sitaficha.

Marehemu ameacha mjane wake, Resian. Watoto wake Ciku, Gichuru na Nailantei. Sisi ndugu zake. Na baba mkwe wake, Mzee Kisemei, ambaye hadi leo anauliza zile sahani zingeenda wapi.

Tukitoka kaburini kuna chakula nyumbani. Meza ametandika Resian, hakutaka msaada. Mtakuta vitambaa vimelowa, na tafadhali msilalamike. Asubuhi nilimwuliza, mbona maji tena? Akaniambia, "Si amesafiri."

Ngigi, ndugu yangu, huko ulikofika kaa chini. Upumzike kwa amani, na mkate wakande wengine.