Hippolyte na Visanduku Viwili vya Mlimani

Wapendwa mliokuja kulia pamoja nasi, familia imempa Caleb, kaka mkubwa wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya mdogo wake, naye anaomba mumvumilie, maana si yote yaliyo mepesi kutamka.

Hippolyte alizaliwa Djugu tarehe 9 Juni 1979, akasoma shule ya msingi hukohuko, akapata diploma ya serikali ya umeme hapa Bunia mwaka 1999, akafungua meza ya kutengeneza redio katika mtaa wetu, kartie Lumumba, na tarehe 5 Agosti 2006 akafunga ndoa na Léonie, wakajaliwa Priscille, Orly na Dorcas.

Mwaka 2019 huduma moja ya afya ilimwajiri, kwa sababu foni, redio ya kuitana, ya kituo chao cha upande wa Djugu haikusikika Bunia, milima iliziba sauti, basi akabeba repetea mbili, visanduku vya kupokea sauti na kuirusha mbele, akaweka kimoja kwenye mlima ulio juu ya kituo, cha pili kwenye kilima cha karibu na mji, vikawa vinapokezana maneno, na ambulansi ikaanza kuitwa kwa wakati. Lakini mtu anayepanda mlima kila wiki na betri mgongoni, katika nchi yenye vita, haachwi bila kusemwa, wengine walisema anawaita wenye silaha, wengine kwamba visanduku vinahesabu nyumba zetu, na Caleb, ambaye tangu kukimbia Djugu humwogopa hata jirani anayekohoa, aliamini kuliko wote. Alimwita mbele ya baraza la familia, akamtaka ataje anaoongea nao, marehemu akamjibu kakaye, "Yaya, maneno ya bagonjwa haiko yangu." Jibu hilo lilimchoma Caleb, maana kwetu mdogo haulizwi na mkubwa wake akafunga mdomo.

Tarehe 11 Februari 2024 waya wa betri ya kisanduku cha mlimani ulichomolewa, nesi wa kituo aliita ambulansi kutwa nzima bila kusikika, na Adeline, mama aliyefika pale ameshikwa na uchungu wa kuzaa, akapoteza mtoto. Hippolyte aliandika katika ripoti kwamba yeye ndiye hakukaza waya, akapewa barua ya onyo, na tangu siku ile Adeline hakuitikia salamu yake.

Oktoba mwaka uleule ini lilianza kumsumbua, akalazwa mara tatu, akafariki hapa Bunia tarehe 3 Mei 2025, daktari alitueleza yote kwa utulivu, ila tangu juzi hapa matangani watu wanahesabu nani alimpa chai, kana kwamba alilishwa sumu, na Caleb naye amehesabu.

Tuache kuhesabu. Mdhaniwa ndiye, kumbe siye. Adeline, uliyeketi karibu na jeneza, waya ule ulichomolewa na Caleb, ndiye huyu anayesoma, marehemu alijua, kwa kuwa Caleb alimwambia kabla ripoti haijaandikwa, akamfichia aibu kakaye, akaibeba mwenyewe mpaka leo. 

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Lumumba waliotupikia na kutufungulia nyua zao, na wenzake wa kazi, ambao asubuhi hii wamepanda mlima kwanza kukagua kisanduku ndipo wakaja kuzika. Hippolyte, mdogo wangu, pumzika kwa amani, jina lako ni safi.