Mshale Ulioshuka na Mbuzi Arobaini na Mmoja

Mgeni rasmi, Mama Carol Aukot, mwenyekiti wa bodi ya shirika letu la ambulensi. Wanabodi mlioandamana naye. Wauguzi, na wageni wetu kutoka Kakuma: ejok, salamu ya Kiturkana.

KARIBU LODWAR

Mama, jua la hapa limekupokea kabla yetu, nasi tunaomba radhi kwa niaba yake. Karibu chini ya turubai hili. Sisi ni madereva na mafundi kumi na saba, na tumezoea kuandika risala za ukurasa mmoja. Hii imerefuka kwa sababu ina jambo lililotukwama kooni tangu Februari, na leo tumekubaliana kulitoa mbele yako, kabla hujatukabidhi gari jipya.

TULIKOTOKA

Tulianza miaka sita iliyopita na gari moja. Leo tunabeba wagonjwa kutoka Kalokol, kutoka Kakuma, na hata kutoka Namoruputh kule mpakani. Barabara tunaziweza. Kinachotusumbua ni joto, na gari likichemsha na mgonjwa ndani, dereva huzeeka palepale.

Kwa hiyo tulifundishana sheria moja. Angalia mshale wa geji ya joto. Ukiwa katikati, endesha. Ukipanda, simama. Ukishuka, mshukuru Mungu, injini imepoa. Sheria hiyo tuliiandika ukutani kwa rangi nyekundu, na hatukuwahi kumuuliza fundi yeyote kama ni kweli.

TUNACHOJIVUNIA

Tungeweza kukutajia mengi. Tutataja moja tu, la mtu ambaye kwa sasa amesimamishwa kazi.

Saa nane mchana, siku moja ya Februari, Ebenyo Emuria alitoka Kakuma na Awut, mama mjamzito kutoka kambi ya wakimbizi aliyekuwa akivuja damu. Nyuma alikuwa muuguzi Nyariek, ameshika dripu kwa mkono kwa sababu ndoano yake ilikatika zamani. Ebenyo aliendesha jicho moja barabarani, jingine kwenye geji. Mshale ulikuwa katikati, umetulia tuli.

Zilipobaki kilomita kama kumi na nane kufika hapa, mshale ukaanza kushuka. Ebenyo hakuamini macho yake. Jua lile, mwendo ule, na injini inapoa! Nyariek alimsikia akisema "asante Yesu" kwa sauti, kisha akakanyaga mafuta. Hazikupita dakika nyingi injini ikakohoa, ikalia chuma kwa chuma, ikakwama kabisa. Alipofungua boneti alikuta paipu ya rejeta imepasuka, na ndani hamna hata tone la maji.

Simu haikuwa na mtandao. Lililotokea ni lori la Mzee Lokiru, limejaa mbuzi wa mnada wa Lodwar. Ebenyo alisimama katikati ya barabara, mikono juu.

"Mzee, nisaidie. Huyu mama anatuacha."

"Naona. Lakini huyo ni wa kulala, na huko nyuma mbuzi imejaa mpaka mlango. Nitaiweka wapi?"

"Shusha zote. Mimi nitachunga."

"Wewe ni mtu wa gari. Mbuzi unajua?"

"Mimi nimezaliwa kwa mbuzi. Hesabu mbele yangu, uniachie."

Wakahesabu. Arobaini na mmoja. Wakampandisha Awut na machela yake, Nyariek akapanda naye, lori likaondoka. Ebenyo akabaki na mifugo ya mtu asiyemjua, juani, bila maji.

Mzee Lokiru alirudi jua likielekea kuzama. Anatuambia kwamba mbuzi walikuwa wamelala kwenye kivuli cha ambulensi, na Ebenyo amesimama nje ya kivuli, kwa sababu kiliwatosha mbuzi tu. Alihesabu mara mbili. Arobaini na mmoja.



CHANGAMOTO

Msimamizi wetu, akilitafuta gari lililochelewa, alifika pale kabla Mzee Lokiru hajarudi. Alichokiona ni gari limekufa, mgonjwa hayupo, na dereva ana fimbo mkononi anazuia mbuzi wasiingie barabarani. Akaandika alichokiona: dereva ameharibu injini kwa uzembe, amemwacha mgonjwa, amekutwa akichunga mbuzi saa za kazi.

Kwenye kikao, ambako Nyariek na Mzee Lokiru hawakuitwa, Ebenyo aliulizwa kwa nini hakusimama gari lilipopata joto. Akajibu, "Mshale ulishuka." Tukacheka. Ndiyo, Mama, sisi wenzake. Nani amewahi kuona injini ikiungua huku mshale unashuka? Tukasema alisinzia, sasa anatafuta pa kujifichia. Ikaandikwa barua ya kuthibitisha hivyo, nasi tukaitia saini, wote kumi na saba. Yeye aliisoma, akaikunja vizuri, akairudisha mezani. "Sina la kuongeza," alisema. "Mshale ulishuka."

Hiyo ndiyo changamoto yetu kubwa. Haikuletwa na serikali wala na ukame. Tuliileta sisi.

Mmoja wetu alikosa usingizi. Ni Nawoi, fundi wetu wa umeme wa magari, ambaye saini yake ni ya tatu kwenye barua ile. Mwezi uliopita alitoa kihisio cha joto kwenye injini iliyokufa, akakiunganisha na dashibodi ya gari lile kwa nyaya ndefu. Akawasha jiko la makaa hapo uani, akabandika sufuria ya mafuta ya kupikia, akaazima kipimajoto cha maabara kwa mwalimu wa sayansi. Akatuita wote. Tulidhani ni mandazi.

Akakitumbukiza kihisio. Nyuzi sabini na tano, mshale ukafika katikati. Themanini na tano, katikati. Tisini na tano, katikati. Mia na tano, bado umelala palepale kama ng'ombe aliyeshiba. Mia na kumi ndipo uliporuka kwenye nyekundu.

"Mmeona?" akasema. "Hii imetengenezwa hivyo ndiyo dereva asisumbuke. Kutoka sabini na tano mpaka kitu kiharibike, inawaambia sawa tu."

Kisha akakitoa kihisio kwenye mafuta, akakishika juu hewani. Sufuria ilikuwa bado inafuka moshi. Na mshale, mbele ya macho yetu, ukaanza kushuka. Ukashuka polepole, ukashuka, mpaka chini kabisa kwenye alama ya baridi.

"Inapima maji," Nawoi akasema. "Maji ikiisha, itapima nini?"

Watu wazima kumi na sita, wenye leseni zetu, tumesimama kuzunguka sufuria, na wengine wamevua kofia bila kujua ni kwa nini. Miaka sita tuliutazama mshale ule kila siku, na siku uliposema kweli yake yote, aliyeiona ni mtu mmoja tu, nasi tukamwita mwongo. Tuliogopa, Mama. Hatukuogopa gari. Tuliogopa jinsi tulivyokuwa na uhakika.

Sheria ya ukutani tumeifuta kwa rangi nyeupe.

MAOMBI

Kwanza, gari hili jipya halina mshale kabisa, lina taa ya onyo tu. Tunaomba Nawoi aruhusiwe kulifungia geji yenye namba, na king'ora cha kulia maji yanapopungua.

Pili, ile barua. Iko kwenye faili la Ebenyo. Tunaomba turudishiwe, na mahali pake iwekwe risala hii, ambayo pia ina saini kumi na saba.

Tatu, Awut ametoka Kakuma leo na binti yake mwenye umri wa miezi saba. Tulimuuliza kama ana neno kwa mgeni rasmi, akatupa hili tuliandike kama alivyolisema: "Wanasema dereva aliacha mimi. Hapana. Yeye alibaki na mbuzi ndiyo mimi niende."

Ombi la mwisho ni dogo. Ebenyo hayupo kwenye viti. Yuko pale getini, amevaa shati la kazi ambalo hakuna aliyemwambia avae. Alfajiri, gari hili lilipofika kutoka safari ndefu, alimwomba dereva wako amfungulie boneti. Taa ilikuwa haijasema kitu. Maji yalikuwa chini ya alama. Akajaza, akafunga, akarudi getini.

Kwa hiyo Mama, utakaponyoosha mkono wenye funguo, utatuona sisi wote tumekaa. Usidhani tumekosa adabu. Tunamwachia Ebenyo njia apite kuzipokea.

Mungu aliyemvusha Awut akurudishe kwako salama, na njiani akupe kivuli.

Ni sisi,
Umoja wa Madereva na Mafundi wa Ambulensi, Lodwar na Kakuma.