Tunaomba Meza ya Mkutubi Ibaki

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Baraza la Chuo; Mkuu wa Chuo; walimu wetu; wanafunzi, ambao kwetu ni watoto na wajukuu; na nyote mliobanana humu ndani mpaka mlangoni:

KARIBU KWETU

Sisi wahudumu wa maktaba ya uhandisi, yaani wafagiaji, walinzi wa mlango, fundi wa kushona vitabu na mpika chai, tumefurahi kukuona. Tuliambiwa risala isomwe na mkubwa wetu kwa umri, ndiyo maana unasomewa na bibi mwenye miwani ya kuazima. Utuvumilie tukisoma polepole. Tena tumeona ulipoingia ulimsogezea kiti mlinzi wetu mwenye goti bovu kabla hujakaa wewe. Hilo halikuwamo kwenye risala. Tumeliongeza sasa hivi kwa kalamu. Asante sana, baba.

TULIKOTOKA

Chumba hiki kilikuwa stoo ya mabomba. Vitabu vilipoletwa, wanafunzi waliingia kukimbia jua, wakaviegemea, wakalala. Vitabu vilikuwa vizuri tu, ila hakukuwa na mtu wa kumshika mwanafunzi mkono na kumfikisha penyewe. Ndipo akaletwa mkutubi. Kwa umri ni binti yetu, lakini tunamwita Mama Mkutubi kwa heshima ya kazi yake. Alisomea ukutubi, uhandisi hakusomea, na siku zake za mwanzo zilikuwa na vituko.

Alikuja binti wa mwaka wa kwanza, amekunja uso, akasimama mbele ya meza.

"Shikamoo, Mama. Nimekuja kwa ajili ya uchovu."

"Marahaba. Pole, mwanangu! Umekuanza lini?"

"Jumatatu, Mama. Mwalimu ndiye aliyenipa."

"Mwalimu tena! Umekula?"

"Bado."

Basi Mama Mkutubi akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akaagiza chai, akamfungulia dirisha apate hewa. Binti wa watu akanywa chai yote kwa adabu, akidhani ndio utaratibu wa maktaba. Alipomaliza akauliza, "Na kitabu je, Mama?"

"Kitabu utasoma ukishapata nafuu."

"Nafuu ya nini, Mama? Ni uchovu wa chuma!"

Tulicheka mpaka mlinzi akaingia kuuliza kuna nini. Mama Mkutubi alicheka kuliko sisi sote, kisha akasema, "Huyu mtoto amesema vizuri. Mimi ndiye sikumwelewa. Nitawatafutiaje vitabu kama sijui maneno yao?"

Tangu hapo, kila Alhamisi hufunga koti la kazi na kwenda karakana kukaa na wanafunzi. Fundi mkuu wa karakana alimpa ekseli ya gari iliyovunjika aishike. "Chuma nacho huchoka, Mama," akamwambia. "Kinakunjwa kidogo, kinakunjuliwa, kila siku hivyo hivyo, siku moja kinakatika bila kuaga."

TUNAYOJIVUNIA

Wanafunzi wamempa jina la Mama Nani-Kasema. Wanaliita kwa sauti kwenye korido naye anageuka akicheka. Jina hilo lina sababu yake.

Nyuma ya mabweni kuna mtaro mkubwa ambao watoto wa shule ya msingi huuvuka wakienda masomoni. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walipewa kazi ya kuchora daraja la waenda kwa miguu hapo. Wakaja maktaba na jedwali la nguvu za nondo walilolichapa.

"Nani kasema?" Mama Mkutubi akauliza.

"Mtandao, Mama."

"Mtandao una baba? Una mama?"

"Mama naye! Namba ni namba bwana."

"Sawa, namba ni namba. Ya mwaka gani? Ya nondo za aina gani? Watoto wa watu watapita hapo juu."

Hakuna aliyejua. Yeye pia hakujua, wala hakujifanya anajua. Alivuta kiti akakaa nao, akawaonyesha jinsi ya kufuata jedwali lile mpaka lilikotoka, na walikofika wakakuta limetolewa kwenye viwango vya ujenzi vya toleo lililokwisha kufutwa. Kijana aliyesema namba ni namba ndiye aliyeliona, akashika kichwa. Wakapiga hesabu upya. Daraja limejengwa, na asubuhi tukifagia tunasikia watoto wakilikimbilia.

Mwalimu wao sasa huanza kila mwaka kwa kuleta darasa zima hapa, naye hukaa kwenye benchi pamoja nao kusikiliza.

Lipo na jingine dogo. Kijana mmoja alirudia mwaka, akawa anaona aibu kuingia. Mama Mkutubi alianza kumwekea vitabu vyake kwenye meza ya mlangoni, bila neno. Siku hizi kijana huyo anaingia mpaka ndani.

YANAYOTUTIA SIMANZI

Tuliagizwa tuandike kuhusu paa. Paa linavuja. Tumeandika.

Sasa tuseme linalotukosesha raha. Mgeni rasmi, leo umekuja kuzindua mashine ya kuazimia vitabu. Tunaipokea kwa moyo mweupe, na vumbi lake tutalifuta. Lakini tumeambiwa itawekwa mahali pa meza ya mkutubi, na kwamba mkataba wa Mama Mkutubi ukiisha Ijumaa hii hautaongezwa. Yule binti wa uchovu angeiandikia mashine "uchovu", nayo ingempa vitabu vya kulala vizuri, na asingepata hata wa kucheka naye.

Mama Mkutubi hajalalamika. Ila tumemwona anavyobeba vyungu vyake vya maua kutoka dirishani kwenda nyumbani, kimoja kimoja, akituambia vinahitaji jua. Dirisha hilo ndilo lenye jua kuliko yote chuoni.

TUNACHOOMBA

Risala hii tulimpa aisahihishe, maana mwandiko wetu si mzuri. Ukurasa huu wa mwisho, tangu penye simanzi, hatukumpa. Usimlaumu kwa lolote lililomo, na wewe Mama Mkutubi usitukasirikie, na futa machozi, watu wanakuangalia.

Mgeni rasmi, mashine inaweza kukaa pale penye rafu ya magazeti ya zamani. Tumepima kwa ufagio, inaenea. Utepe tumeshaufunga na mkasi uko kwenye sinia. Ila tunakuomba, kabla hujaukata, umgeukie binti yetu umwambie, sisi tukisikia, kama Jumatatu aje kazini.

Mungu akupe afya, akujalie wajukuu wasikivu, na popote utakapouliza jambo umpate mtu wa kukaa nawe mpaka ulielewe.

Ni sisi wako, tunaokusubiri ujibu:
Wahudumu wa Maktaba ya Uhandisi