Bi. Lidwina Mbawala na Ekzosi Aliyokataa Kuifunga

Tarehe 30 Juni 1996, Bi. Lidwina Mbawala anastaafu baada ya miaka ishirini na saba katika karakana yetu hapa Songea. Alianza kwa kuosha vipuri, akapanda hadi fundi mkuu, mwanamke pekee kufika hapo. Alikuwa mcheshi. Dereva aliyerudisha gari bila kusema lilipogonga alipewa kiti, akaambiwa akae hadi akumbuke.

Katika kumuaga, ofisi imeniomba niandike mambo ya kufurahisha tu. Nimeshindwa.

Mwaka 1993, maduka yalipojaa vipuri kutoka kila upande, meneja wa wakati huo alituletea kabureta na ekzosi za bandia kwa ajili ya Land Rover yetu ya zamani. Bi. Lidwina alizijaribu kwenye gari. Kabureta ilimwaga petroli kupita kiasi, moshi ukawa mzito. Bomba la ekzosi lilikuwa fupi, likaishia chini ya viti vya nyuma.

“Moshi utaingia kwa abiria,” alisema. “Sifungi.”

“Mama, hii ni biashara huria,” meneja akamjibu. “Mambo ya kizamani yaache.”

Kesho yake alipewa barua ya utovu wa nidhamu na kuhamishiwa stoo, kugawa spana. Vipuri vile nilivifunga mimi, Hironimus Gama, niliyefundishwa kazi na yeye. Niliogopa barua kama yake.

Wiki mbili baadaye gari lilikuwa linarudi kutoka Namasakata, turubai limefungwa kwa sababu ya mvua. Kabla ya kufika Namtumbo, dereva Beda aliona kimya kimezidi huko nyuma, akasimama. Abiria watatu walikuwa wamezimia. Aliwaburuta nje, wakanyeshewa hadi wakazinduka. Mmoja wao, Bi. Oliva, karani wetu, alilazwa siku tano.

Taarifa ya ofisi ilisema ni uchovu wa safari. Uchovu! Kisha wakamwita Bi. Lidwina kimyakimya aje kurekebisha. Alikuja. Alirudisha kabureta ya zamani, akaisafisha, akachomelea bomba refu hadi nje ya bodi. Alipomaliza alirudishwa stoo, na huko ndiko anakostaafia. Meneja alihamishwa kwa cheo kikubwa zaidi. Barua ile ingali kwenye faili, na hotuba iliyoandaliwa kwa ajili ya leo inamsifu kwa “utiifu”.

Hakutii, na laiti tungemsikiliza, watu watatu wasingezimia. Barua hiyo ifutwe kabla hajatoka getini.

Mama Lidwina, miaka mitatu tumesalimiana kila asubuhi, nami sijawahi kukuomba radhi. Naomba leo, mbele ya wote. Asante kwa kazi yako. Nenda nyumbani Matogoro ukapumzike, ulime, uwe na afya njema na siku nyingi za furaha.